Wanaoalikwa Kuijadili Kesho

Juni 2019, pale Namanga ambapo barabara ya Arusha inakabidhiana magari na barabara ya Nairobi, homa ya Bonde la Ufa ilizuka bila kuwapo mgonjwa hata mmoja. Ugonjwa huo ni wa kweli: huenezwa na mbu, huwafanya ng'ombe na kondoo watoe mimba, na ukimrukia binadamu unaweza kumuua. Mlipuko wa Namanga, lakini, ulikuwa wa kuigiza. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wafadhili wa Kijerumani, ilikuwa imewakusanya madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo, wataalamu wa maabara na maofisa wa mpakani wa Kenya na Tanzania ili waonekane wakihangaika. Nani anampigia nani simu? Sampuli ya damu inavukaje mpaka? Lori lililobeba mbuzi linazuiwa na nani, kwa sheria ya nchi gani?

Maswali ya namna hiyo hayaulizwi siku ya msiba. Siku hiyo kila mtu ana haraka, na anayejua jibu yuko likizo. Ndiyo maana serikali, majeshi, kampuni za mafuta na hata halmashauri za miji hutenga fedha na siku kadhaa kuitazama kesho kabla haijafika. Wataalamu huiita kazi hii utazamiaji wa kimkakati, na zoezi la Namanga ni tawi lake moja tu, lile la kuigiza tukio. Matawi mengine hukaa na kalamu na karatasi, yakisuka simulizi za miaka ishirini au hamsini mbele.

Msomaji asiwachanganye watu hawa na wapiga ramli. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu ambaye Afrika Mashariki nzima ilimjua, alikuwa akitangaza kitakachotokea, na magazeti yakimnukuu. Mtazamiaji wa kimkakati hafanyi hivyo, na akifanya hivyo mfukuze. Yeye huleta kesho tatu au nne zinazopishana, zote zikiwa na uwezekano wa kutokea, kisha anauliza: ikija hii, mtakuwa wapi? Ikija ile, je?

Chimbuko la kazi hii ni la kijeshi. Mwaka 1824 maofisa wa Prusia walianza kufunzwa vita juu ya ramani, kwa vipande vya kuchezea na kete, huku mwamuzi akitoa hukumu ya nani kashinda. Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo ukahamia Marekani, kwenye taasisi ya RAND huko California, ambako Herman Kahn alikaa akiandika, kwa ubaridi uliowatisha wengi, namna vita vya nyuklia vinavyoweza kuanza na kwisha. Ufaransa nayo ilikuwa na njia yake: mwanafalsafa Gaston Berger, miaka ya 1950, alitaka watu watazame mbali ili waichague kesho badala ya kuingoja. Lakini aliyeitoa kazi hii kwa majenerali na wanafalsafa na kuifikisha kwa watu wa biashara ni Mfaransa mwingine, Pierre Wack.

Wack alifanya kazi Shell, London, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo biashara ya mafuta ilikuwa shwari mno: bei ikikaa karibu dola 3 kwa pipa, na mameneja wakipanga miaka sita mbele kwa kuendeleza mstari ule ule kwenye chati. Wack na mwenzake Ted Newland walitazama kitu kingine. Waliwatazama wenye mafuta. Wakajiuliza kama nchi za Ghuba, ambazo baadhi yake zilikuwa na watu wachache na fedha nyingi kuliko zilivyoweza kuzitumia, zilikuwa na sababu yoyote ya kuendelea kuchimba kwa kasi ili kuwafurahisha wanunuzi. Jibu lilikuwa hapana. Mwaka 1972 wakawaonyesha wakuu wa kampuni simulizi kadhaa, mojawapo ikiwa ya bei kuruka ghafla. Oktoba 1973 vita vikazuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikaweka vikwazo, na ilipofika Januari 1974 pipa lilikuwa linakaribia dola 12. Tanzania, ambayo iliagiza kila tone la mafuta yake, ilikiona cha moto kama nchi nyingine zisizo na visima. Shell haikushangaa sana kama washindani wake.

Kwenye kazi ya Wack kuna jambo ambalo wanaomsifu husahau. Hakutabiri vita. Alichofanya ni kutenganisha mafungu mawili: yale ambayo tayari yameshaamuliwa hata kama hayajafika, na yale ambayo kweli hayajulikani. Kuelezea fungu la kwanza alipenda kutumia mto Ganges wa India. Mvua kubwa ikinyesha kwenye milima ya juu, basi siku chache baadaye mji wa Benares utapata mafuriko, na kulisema hilo hakuhitaji karama. Mkulima wa Rufiji angemwelewa mara moja. Maji yanayojaza shamba lake yalinyesha Kilombero na Ruaha siku nyingi nyuma, na anayefuatilia habari za bara anajua wakati wa kuhamisha magunia.

Kwa mtu wa mipango, maji yaliyokwishanyesha mara nyingi ni watu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakati ile ya 2012 ilihesabu 44,928,923. Mtoto aliyeandikwa kwenye dodoso akiwa mchanga mwaka 2022 atakuwa na miaka 28 mwaka 2050. Wengi wa watakaotafuta kazi mwaka huo, watakaopanga vyumba Mbagala na kuoa na kuolewa, wameshazaliwa, wana majina. Waziri wa elimu hana haja ya kuwatabiri watoto hao. Kazi yake ni kuhesabu madawati. Mambo yanayokwenda upande mmoja kwa miaka mingi, kama ongezeko hili au watu kuhamia mijini, huitwa mielekeo, na nguvu zinazoisukuma, kama uzazi, bei ya ardhi au teknolojia, huitwa visukumo. Sehemu kubwa ya warsha yoyote ya utazamiaji huisha kwenye kuorodhesha vitu hivi ukutani kwa vikaratasi vya rangi, na kusema kweli ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote.

Utamu huanza kwenye ishara dhaifu. Mwamerika Igor Ansoff ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 1975: dalili ndogo, ya pembeni, ambayo leo inaonekana kama kituko na kesho inageuka desturi. Afrika Mashariki ina mfano ambao ungefaa kuwekwa kwenye vitabu vyote vya fani hii. Miaka kadhaa kabla ya Safaricom kuzindua M-Pesa Machi 2007, watu wa Uganda na kwingineko barani walikuwa tayari wakitumiana salio la simu kama fedha. Mtu wa mjini ananunua vocha, anamsomea namba mwenye simu ya biashara kijijini, huyo anaingiza salio kwenye simu yake na kumkabidhi mama wa aliyetuma noti mkononi, baada ya kukata chake. Hakuna benki iliyoulizwa. Mwenye macho angeona pale kwamba fedha imeshaingia kwenye simu, na kilichobaki ni mtu wa kuisajili. Mabenki mengi hayakuona, kwa sababu waliokuwa wakifanya hayo hawakuwa wateja wao.

Ndugu wa ishara dhaifu ni tukio la kushtukiza, lile lenye uwezekano mdogo na kishindo kikubwa. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilitapika majivu, anga la Ulaya likafungwa kwa siku kadhaa, na wakulima wa maua wa Naivasha, nchini Kenya, wakajikuta wanamwaga waridi kwa tani kwa sababu ndege za kuyapeleka Amsterdam hazikuruka. Wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Haikuwa rahisi kwa mchuma maua wa pale kuamini kwamba mlima wa upande mwingine wa dunia, ambao hata watangazaji walishindwa kulitamka jina lake, ungegusa posho yake ya wiki.

Mielekeo, ishara na matukio ya kushtukiza ni malighafi. Chakula chenyewe ni simulizi. Njia inayotumiwa sana ya kuzipika ni kuchagua mambo mawili yenye uzito mkubwa na yasiyojulikana yatakwenda upande gani, kisha kuyapinganisha kwenye msalaba. Pembe nne za msalaba huzaa kesho nne. Kenya ilifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Taasisi ya Masuala ya Uchumi ya Nairobi na Jumuiya ya Kimataifa ya Maendeleo zilipokusanya Wakenya wa fani mbalimbali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Mambo mawili yaliyosimamisha msalaba yalikuwa mageuzi ya siasa na mageuzi ya uchumi. Yasipofanyika yote mawili, nchi inaangukia simulizi waliyoiita El Niño, jina lililowatia baridi waliokuwa wameona mvua za 1997 na 1998 zikibeba madaraja. Uchumi ukitangulizwa na siasa ikawekwa kando, inakuja simulizi ya Maendeleo. Siasa na taasisi zikitangulizwa, inakuja Katiba. Yote yakienda pamoja, nchi inaruka kama bata bukini wanaosafiri kwa safu.

Miaka iliyofuata haikuchukua simulizi hata moja nzima nzima. Kenya ilibadilisha utawala kwa kura mwaka 2002, ikakataa rasimu ya katiba kwenye kura ya maoni ya 2005, ikapoteza watu zaidi ya 1,100 kwenye machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ikapata katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010. Anayeisoma ripoti ile leo anatambua vipande vya kila simulizi vimechanganyika. Hilo si kosa la waandishi. Walikuwa wanaonyesha njia panda, na taifa linaweza kupita njia moja asubuhi na nyingine jioni.

Tanzania ilikuwa na zoezi lake, lililotoa mwaka 2003 kitabu kiitwacho Tutafika, na simulizi zake zikapewa majina ambayo hata muuza magazeti angeyashika: Yale Yale, Mibaraka, Amka Kumekucha. Jina zuri ni nusu ya kazi. Simulizi isiyokumbukika haimsaidii mtu, hata ikiwa na majedwali mia.

Hapa panafaa kuwekwa mpaka, maana viongozi wengi huuvuka bila kujua. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, Ruwaza ya Kenya ya 2030, Ajenda 2063 ya Umoja wa Afrika na Dira 2050 ya Tanzania si simulizi za namna hii. Hizo zinasema tunakotaka kufika. Simulizi husema tunakoweza kufikishwa, tupende tusipende. Dira bila simulizi ni nahodha anayejua bandari lakini hajauliza habari za upepo, na kwa kweli nchi nyingi zimesafiri hivyo. Kati ya hizo mbili kuna hatua iitwayo kurudi nyuma kutoka kesho. Washiriki wanasimama kwenye mwaka wa mwisho, tuseme 2050, wakidhani wameshafika, kisha wanajiuliza mwaka 2045 ilibidi kuwe kumefanyika nini, na 2035, mpaka wanarudi Jumatatu ijayo. Vilevile huwekwa alama za njiani, yaani vitu ambavyo vikionekana vinaashiria simulizi ipi imeanza kujitokeza. Bei ya mahindi ikivuka kiasi fulani misimu miwili mfululizo, kwa mfano, kamati inaitwa tena.

Istilahi hizi zote mtu anaweza kujifunza kwa siku moja. Ugumu uko kwenye viti.

Tazama kilichotokea Mont Fleur, ukumbi wa mikutano ulioko kwenye milima karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, kuanzia Septemba 1991. Mandela alikuwa ametoka gerezani mwaka mmoja na nusu nyuma. Chama chake, ANC, kilikuwa huru lakini hakitawali, serikali ya makaburu ilikuwa inatawala lakini inajua haitadumu, na vitongojini watu walikuwa wanauana. Pieter le Roux, profesa wa Chuo Kikuu cha Western Cape, alitaka watu wa siasa za mrengo wa kushoto waifikirie nchi watakayoirithi. Akaiomba Shell mtu wa kuongoza mazungumzo, akapewa Adam Kahane, kijana wa Kikanada ambaye hakuwa na historia na upande wowote pale. Walialikwa watu 22: wanaharakati wa ANC na wa chama kingine cha ukombozi, PAC, watu wa vyama vya wafanyakazi, wanauchumi, na pia wazungu wa biashara na wa vyuo. Walikuja kwa nafsi zao, si kama wajumbe wenye maagizo mfukoni.

Kanuni iliyowekwa ilikuwa ndogo na ngumu. Hakuna kusema unachotaka kitokee. Sema kinachoweza kutokea. Mwenzako akisimulia, ruksa kumuuliza mambo mawili tu: kwa nini hilo litokee, na baada ya hapo nini. Kundi moja lilileta simulizi ambayo Jeshi la Ukombozi la China linakuja kuwasaidia wapigania uhuru kuiangusha serikali. Haikupigiwa kelele. Iliulizwa tu kwa nini China ifanye hivyo, na baada ya hapo nini, mpaka ikafa yenyewe, na waliokuwa wameibeba mioyoni miaka mingi wakaiona ikifa. Simulizi kama thelathini za mwanzo zilipepetwa zikabaki tisa, kisha nne, na zote nne zikapewa majina ya viumbe vinavyoruka au vinavyoshindwa kuruka. Mbuni ni serikali inayoficha kichwa mchangani na kukataa mapatano. Bata kilema ni serikali ya mpito iliyofungwa kwa makubaliano mengi mpaka haiwezi kutenda. Icarus, kijana wa hadithi ya Kigiriki aliyeruka karibu mno na jua kwa mbawa za nta, ni serikali mpya inayopendwa, inayomwaga fedha kuliko mapato yake na kuanguka. Flamingo ni zile zinazopaa taratibu, lakini pamoja.

Simulizi ya Icarus ndiyo iliyouma, kwa sababu ilisemwa na watu wa mrengo wa kushoto wakiwaambia wenzao. Miongoni mwa waliokaa pale walikuwa Trevor Manuel na Tito Mboweni. Manuel akawa waziri wa fedha kuanzia 1996 hadi 2009. Mboweni akawa waziri wa kazi katika baraza la kwanza la Mandela, na mwaka 1999 gavana wa benki kuu, akiwa na Icarus bado midomoni. Mwaka 1992 simulizi hizo zilitolewa kama nyongeza ya gazeti, zikatengenezewa filamu fupi, zikapelekwa kwa makundi zaidi ya hamsini. Rais De Klerk mwenyewe, inasimuliwa, alilazimika kusema kwamba yeye si mbuni.

Basi Mont Fleur ilifaulu? Inategemea unamuuliza nani. Wachumi wa mrengo wa kushoto wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hofu ya Icarus iliwafunga mikono watawala wapya, wakabana matumizi wakati mamilioni walikuwa wanangoja nyumba na maji. Lawama hiyo ina uzito, na inathibitisha jambo lile lile wanaoisifu Mont Fleur wanalolisema: watu wachache waliokaa kwenye chumba kimoja waliathiri mawazo ya nchi. Kiti kwenye meza ya namna hii si heshima ya bure.

Kwa kawaida meza hiyo huwa na watu wa aina kadhaa. Kuna mwenye swali, yaani waziri, mkurugenzi au jenerali anayelipia zoezi, na kosa lake la kawaida ni kuja na jibu tayari. Kuna mwezeshaji, ambaye hafai kuwa na maslahi, na ambaye kazi yake kubwa ni kunyamaza pale anapotamani kusema. Kuna wataalamu wa fani, wanaojua namba lakini mara nyingi hawaoni nje ya uzio wao. Wack alikuwa na kundi la ziada: aliwatafuta watu wa ajabu, wasio wa sekta ya mafuta kabisa, wenye macho makali na wasioogopa kuonekana wajinga, akala nao chakula na kuwasikiliza. Siku hizi warsha nyingi zina wataalamu wengi, na watu wa ajabu hazina hata mmoja.

Tatizo jingine ni cheo. Mkubwa akishasema, wadogo hukubali, na katika ofisi zetu, ambako kijana huanza kwa shikamoo na hamkosoi mheshimiwa mbele za watu, tatizo hili ni kubwa maradufu. RAND walilitafutia dawa kwa njia waliyoiita Delphi, iliyobuniwa na Olaf Helmer na Norman Dalkey. Wataalamu hawakutani uso kwa uso. Kila mmoja anajibu dodoso peke yake, majibu yanakusanywa bila majina, yanarudishwa kwa wote waone wenzao wamesemaje, kisha wanajibu tena, mara mbili au tatu. Hoja inasimama yenyewe bila kujua mwenyewe ni profesa au karani. Njia hii ingefaa sana kwa vikao vya mabaraza ya madiwani, ingawa pengine isingependwa.

Halafu kuna mpinzani wa kukodi, anayeitwa timu nyekundu. Huyu analipwa kuwa adui, na kisa chake maarufu kimebaki doa kwa walioandaa zoezi lenyewe. Kati ya Julai na Agosti 2002 jeshi la Marekani liliendesha zoezi kubwa lililogharimu dola milioni 250, likiwa na washiriki 13,500, wengine uwanjani na wengine kwenye kompyuta. Kiongozi wa timu nyekundu alikuwa Paul Van Riper, jenerali mstaafu wa kikosi cha Marine. Wapinzani wake walitegemea atumie redio, wamsikilize. Akatumia wapanda pikipiki kupeleka ujumbe, na ishara zilizofichwa ndani ya adhana za misikiti. Walipomtaka asalimu amri, akatangulia kupiga: makombora kwa wingi na boti ndogo nyingi kwa wakati mmoja. Meli 16 za Marekani zikazama, kwenye karatasi. Waandaaji walifanya nini? Waliziibua tena zile meli, wakaanza upya, na safari hii wakaweka masharti juu ya kile adui anachoruhusiwa kutenda. Van Riper akajiuzulu uongozi wa timu yake kabla ya mwisho, akisema mchezo umeandikiwa matokeo.

Kumkodi mpinzani na kisha kumfunga mikono ni ghali kuliko kutomwita kabisa.

Kuna pia anayepaswa kuupokea ujumbe. Uingereza, Oktoba 2016, iliendesha zoezi la siku tatu lililoitwa Cygnus, na watu zaidi ya 950 walishiriki, mawaziri wakiwamo. Waliwekwa katikati ya janga la mafua lililokwisha kusambaa nchi nzima. Ripoti iliyofuata ilisema wazi kwamba maandalizi ya nchi hayatoshi kwa janga kali, na iligusa nyumba za kutunzia wazee. Ikafungiwa kabatini. Umma uliisoma mwaka 2020, baada ya gazeti kuivujisha na baadaye serikali kuichapisha, wakati wazee wa nyumba hizo walikuwa wameshazikwa kwa maelfu kwa ugonjwa mwingine wa njia ya hewa. Finland imejaribu kuliziba pengo hili kwa kuwa na kamati ya bunge inayoshughulikia mambo ya siku zijazo tangu 1993. Serikali hulazimika kuleta taarifa yake ya mbele, na kamati huijibu kwa maandishi.

Kutowaalika wananchi nako kuna gharama. Tarehe 18 Oktoba 2019, New York, Kituo cha Usalama wa Afya cha Johns Hopkins pamoja na Jukwaa la Uchumi Duniani na Wakfu wa Gates waliigiza janga la virusi vya korona vya kubuni, vilivyotoka kwa popo vikapitia nguruwe huko Brazil na kuua watu milioni 65 ndani ya miezi 18. Zoezi hilo halikuwa la siri. Lilirushwa moja kwa moja mtandaoni. Hata hivyo miezi michache baadaye, Covid ilipotokea, watu wengi duniani walishikilia kwamba waliolifanyia mazoezi ndio waliolileta. Januari 2020 Johns Hopkins ilibidi itoe taarifa kueleza kwamba haikutabiri chochote. Mwananchi ambaye hajawahi kualikwa kwenye chumba kama kile, na ambaye hata hajui kwamba vyumba vya namna ile vipo, alikuwa na kila sababu ya kushangaa.

Wanaokosekana ni wengi, lakini mmoja hawezi kualikwa hata kama fedha zipo: mtu ambaye hajazaliwa. Mji mdogo wa Yahaba, mkoa wa Iwate, Japani, ulimtafutia nafasi. Kuanzia 2015 watafiti wakiongozwa na mwanauchumi Tatsuyoshi Saijo waligawa wakazi kwenye makundi. Kundi moja lilijadili mustakabali wa mji kama wao walivyo, watu wa leo. Jingine liliambiwa ninyi ni wakazi wa mwaka 2060, semeni kwa niaba ya watakaokuwa hai wakati huo. Na ili wasisahau, wakavishwa makoti ya kitamaduni ya sherehe. Watu wa leo walizungumzia shida walizonazo: ada za kulea watoto, huduma za wazee. Wenye makoti walitaka mambo makubwa zaidi, yanayochukua muda mrefu. Lilipokuja suala la maji, ambapo kwa kawaida hakuna mpiga kura anayetaka kulipa zaidi, wakazi waliojifunza kusema kama watu wa kesho walikubali bei ipandishwe, ili mabomba yaliyoko chini ya mji yawe na fedha ya kubadilishwa yatakapochakaa.